Betri Kwanza: Rezista, Draiva na Taa za Wavuvi wa Kalemie

Kauli tatu hugongana kwenye meza za mafundi wa redio na simu mjini Kalemie, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo, kila giza la mwezi linapokaribia. Ya kwanza: rezista inakula betri. Ya pili: draiva haikai, ikiguswa na maji kidogo imekufa. Ya tatu: betri ya pikipiki inatosha, mengine ni kumaliza hela. Mvuvi anayetaka kujengewa taa za LED za kuvutia ndagala, yaani dagaa, hupata ushauri tofauti kwa kila fundi anayemfikia, na mara nyingi huishia kununua vitu vilevile mara mbili.

Kila kauli ina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu mabishano hayaishi. Kila mmoja anaeleza alichokiona kwenye taa moja, yenye betri moja, katika usiku mmoja, kisha anakifanya sheria ya taa zote. Swali la rezista au draiva limetangulizwa mbele wakati mahali pake ni nyuma. Kinachotangulia ni betri na saa ambazo taa itawaka. Hayo yakijulikana, kipande cha katikati, kinachoushika mkondo kati ya betri na LED, karibu kinajichagua chenyewe.

Kutoka karabai hadi LED

Kuvua kwa mwanga katika Ziwa Tanganyika ni kazi ya zamani kuliko umeme. Wavuvi waliwasha moto wa kuni kwenye ncha ya mtumbwi, wakachota ndagala kwa lusenga, wavu wa mpini mrefu. Miaka ya 1950 wavuvi Wagiriki walileta nyavu kubwa za kuzungushia, na taa za presha, yaani karabai, zikaenea kwenye maboti na kwenye katamarani za lampara. Sababu ya kimaumbile haijabadilika tangu enzi za kuni: viumbe vidogo vya majini hupanda juu usiku, ndagala huvifuata, mikebuka huwafuata ndagala, na mwanga huwakusanya mahali pamoja. Mbalamwezi ikijaa, taa hupoteza nguvu yake, ndiyo maana kazi husimama kwa siku kadhaa kila mwezi. Siku hizo za mapumziko zina uzito wake katika suala la betri, kama itakavyoonekana.

Karabai ilikuwa na gharama mbili. Ya wazi ilikuwa mafuta ya taa, yale ambayo huku Kongo tunayaita petroli, yanayoungua kila usiku bila kubakiza kitu. Ya kujificha ilikuwa soksi inayochanika kwa mtikisiko wa mawimbi, kioo kinachopasuka tone la mvua likikigusa, na muda wa kupampu na kuwasha upya wakati samaki wameshaanza kukusanyika. LED ilipunguza zote mbili. Taa nyeupe ya aina hii iliwezekana baada ya LED ya buluu yenye mwanga mkali kupatikana Japani mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bei ikashuka mwaka hadi mwaka, na leo chipu za LED zinauzwa kama vile zilivyouzwa betri za redio zamani.

Lakini karabai ilitoka kiwandani ikiwa kamili. Mnunuzi hakuulizwa tundu la kupitishia mafuta liwe na upana gani. Taa ya LED inayojengwa Kalemie ni mkutano wa vitu vilivyonunuliwa mahali mbalimbali: chipu zilizopita Kigoma au Bujumbura, betri iliyotoka Lubumbashi, nyaya za dukani, bati la alumini lililokatwa kwenye sufuria kuukuu, na pano ya jua iliyobandikwa karatasi ya wati ambazo haizifikii. Hakuna kati ya hivyo kinachomjua mwenzake. Kuvipatanisha ni kazi ya fundi, na hapo ndipo mkanganyiko ulipoingia.

LED inataka nini

Ampuli ya uzi, ile ya gari la zamani, hujizuia yenyewe. Ikipata moto, ukinzani wa uzi wake hupanda, na mkondo unatulia. LED haina adabu hiyo. Chipu nyeupe haiwaki chini ya volti 2.6 hivi, inawaka vizuri karibu na 3.2, na ukiipandisha hadi 3.5 mkondo unaweza kuongezeka mara mbili au zaidi. Tofauti ya volti ni ndogo sana, lakini tofauti ya joto ni kubwa. Tena chipu ikipata joto, volti inayohitaji inashuka kidogo, kwa hiyo inavuta mkondo zaidi, inapata joto zaidi, na mzunguko huo unaendelea mpaka inaungua. Ndiyo maana LED hupimwa kwa mkondo kwanza: miliampea 20 kwa kijitaa cha milimita 5, miliampea 350 kwa chipu ya wati 1, miliampea 700 kwa ya wati 3.

Kwa hiyo kati ya betri na LED lazima kiwepo kitu cha kuushika mkondo. Njia ya kutoweka chochote ipo, na inatumika: chipu nne zinapangwa mfululizo, jumla volti 12.8, zinaunganishwa moja kwa moja na betri ya volti 12. Usiku wa kwanza zinawaka kwa upole na mwenyewe anafurahi. Siku mtu atakapoiwasha taa hiyo huku betri ikichajiwa kwa volti 14.4, kila chipu inapata 3.6, na taa inakwisha. Taa nyingi zinazosemwa kuwa ni LED mbovu za Kichina zimeuawa namna hii hii.

Kosa la pili linafanana na hilo: kupanga mistari kadhaa sambamba na kuiwekea yote rezista moja. Chipu hazilingani, hata zikitoka kwenye mfuko mmoja. Mstari wenye volti ndogo kidogo hunyakua sehemu ya wenzake, unachemka, unakatika, na mzigo wote unawaangukia waliobaki. Kila mstari uwe na kizuizi chake.

Ushauri uliotoka mbali

Chanzo kimojawapo cha mkanganyiko hakizungumzwi. Vijana wetu wanajifunza ufundi kwa video za simu, na sehemu kubwa ya mafunzo kuhusu LED za nguvu yametengenezwa na watu wenye shughuli nyingine kabisa. Kundi mojawapo ni la wapenzi wa filamu ya Star Wars wanaojitengenezea panga za mwanga. Upanga wa kwanza wa filamu hiyo ya mwaka 1977 uliundwa kwa mpini wa taa ya kamera ya Graflex, bomba la chuma lililobeba betri tatu kubwa za tochi. Watengenezaji wa leo wanaweka ndani ya bomba kama hilo seli moja ya lithiamu, LED moja kali, na mrija wa plastiki unaosambaza mwanga.

Nao wanabishana vilevile: rezista au draiva? Wengi wao husema rezista inatosha, na kwao ni kweli. Seli ya volti 3.7 ikilisha LED ya volti 3.2, rezista inabeba nusu volti tu. Kinachopotea ni chini ya sehemu moja kati ya saba. Upanga unawaka kwa dakika chache chumbani, mkono wa mtu unaushika, ukizimika anaweka seli nyingine.

Hamisha ushauri huohuo kwenye boti. Mtu anachukua LED moja ya volti 3.2, anaiunganisha na betri ya volti 12 kupitia rezista, na karibu robo tatu ya umeme wake inaishia kuipasha rezista joto. Akisema kwamba rezista inakula betri, amesema kweli kuhusu taa yake. Kosa lake ni kuweka LED moja pale ambapo tatu zingekaa mfululizo na kufanya kazi kwa mkondo uleule.

Upande wa rezista

Tuchukue taa ya mfano, inayofanana na zile zinazojengwa sana: chipu 12 za wati 1, mistari minne, kila mstari chipu tatu mfululizo. Mstari mmoja unahitaji volti 9.6. Betri ikiwa na 12.6, rezista inabeba volti 3. Tukitaka miliampea 300, chini kidogo ya kiwango cha juu ili chipu zidumu, rezista ni ya omu 10. Joto lake ni karibu wati 1, kwa hiyo inunuliwe ya wati 3, isiwe ile ndogo ya robo wati inayotolewa kwenye redio mbovu.

Kinachopotea ni asilimia 24, karibu robo. Si kidogo, lakini ni mbali na zile robo tatu za mlalamikaji wetu. Na rezista ina sifa ambayo hesabu ya hasara haiioneshi. Betri ya asidi ya risasi iliyojaa na kutulia ina volti 12.7, ikifika nusu ina karibu 12.1. Katika safari hiyo ya usiku mzima, mkondo wa kila mstari unashuka kutoka miliampea 310 hadi 250. Mwanga unapungua polepole, na betri inavutwa kwa nguvu ndogo zaidi kadiri inavyochoka. Taa inajihurumia yenyewe, na inamwonya mvuvi kwa kufifia kabla haijazimika.

Ziada nyingine: rezista haitoi kelele kwenye redio, haiogopi radi wala joto, na ikiungua, fundi yeyote kati ya Moba na Kabimba anaweza kuibadilisha kwa kipande kinachouzwa kwa bei ya andazi.

Udhaifu wake ni upande wa juu. Kwenye volti 14.4 mstari huohuo unapata miliampea 480, zaidi ya uwezo wa chipu. Taa ya rezista isiwashwe wakati betri inachajiwa, wala isiunganishwe na injini inayozungusha jenereta. Kwa mvuvi anayechaji nyumbani mchana na kuvua usiku, sharti hilo ni jepesi. Kwa anayetumia betri moja kwa taa na kuwashia injini, ni sharti ambalo litavunjwa siku moja.

Upande wa draiva

Draiva za kubadili mkondo hazichomi ziada. Zinafungua na kufunga umeme makumi au mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde, na koili inausawazisha. IC inayopatikana sana kwenye vibao vidogo ni PT4115: inapokea volti 6 hadi 30, inatoa hadi ampea 1.2, na mkondo wake unapangwa na rezista ndogo moja. Volti ikiwa 12 au 14.4, LED zinapata kilekile. Kwa boti yenye injini inayochaji, hoja hiyo peke yake inatosha.

Je, inaokoa betri kiasi gani? Hapa wauzaji wanatia chumvi. Kwa mstari wetu wa chipu tatu, betri ikiwa na volti 12.6, draiva yenye ufanisi wa asilimia 93 inavuta karibu miliampea 245 ambapo rezista inavuta 300. Ni nafuu ya karibu moja ya tano. Lakini betri ikishuka hadi 12.1, rezista inavuta 250 na draiva 255. Zimelingana. Kwa usiku mzima, nafuu inaangukia karibu asilimia 10, pamoja na mwanga usiofifia. Kwa taa moja tofauti hiyo haionekani. Kwa boti lenye taa sita, ni tofauti inayopunguza ukubwa wa betri utakayonunua.

Gharama za draiva ni za namna nyingine. Kibao chake kina vipande vidogo kama punje ya mchele vilivyolehemiwa karibu karibu, na unyevu ukipenya kati yao, kutu ya kijani inamaliza kazi. Wanaosema haikai wameona jambo la kweli. Ila kilichoiua ni kisanduku kilichofungwa vibaya. Kibao kikizamishwa ndani ya gundi ya epoksi, kinaishi, lakini hakitengenezeki tena. Draiva za bei ya chini pia huvuruga redio, hasa kwenye mawimbi ya kati na mafupi, na mtu aliye majini usiku anaihitaji redio kuliko wa nyumbani.

Kuna jambo la kuangaliwa dukani: vibao vingi vinavyouzwa kwa jina la draiva vinashika volti tu, havishiki mkondo. LM2596 ni mfano unaojulikana. Ni kifaa kizuri cha kuchajia simu. Kukipanga kwenye volti 9.6 na kukiunganisha na LED tatu ni kurudi kwenye kosa la kuunganisha moja kwa moja, kwa sababu chipu zikipata joto hakuna kinachouzuia mkondo.

LM317, ambayo mafundi wa redio wanaipenda, inashika mkondo kwa uaminifu lakini inadai volti karibu 3 za kwake yenyewe. Kwenye betri ya 12 inamudu chipu mbili mfululizo, tatu hapana, na inachoma karibu nusu ya umeme. Haina nafasi hapa.

Betri ndiyo inayoamua

Rudi kwenye taa yetu ya chipu 12. Inavuta ampea 1.2. Kwa saa 10 za usiku, ni ampea-saa 12. Betri ya asidi ya risasi haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo taa hiyo moja inadai betri ya ampea-saa 24 kwa uchache. Betri ya kawaida ya pikipiki ina ampea-saa 7. Nusu yake inaisha baada ya saa tatu. Mvuvi akiendelea mpaka alfajiri, anaishusha mpaka chini kabisa, na baada ya wiki chache betri haishiki tena. Lawama inaenda kwa rezista. Kauli ya tatu, basi, ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote, maana ndiyo inayozaa ushahidi wa uongo dhidi ya zile mbili nyingine.

Betri ya gari ni kubwa zaidi lakini ina tabia hiyohiyo. Imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache za kuwasha injini, kisha ijazwe upya papo hapo. Bati zake za risasi ni nyembamba. Kuishusha kila usiku ni kumpa mkimbiaji wa mbio fupi mzigo wa kupanda mlima. Zile za sola, zenye bati nene, ni nzito na ghali, lakini ukigawa bei kwa idadi ya usiku zinazodumu, mara nyingi ndizo rahisi.

Upande wa lithiamu kuna familia mbili zinazochanganywa sokoni kwa jina moja. Ya kwanza ni seli za 18650, kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, zinazotolewa kwenye kompyuta za mkononi zilizokufa. Tatu mfululizo zinaanza na volti 12.6 na kumalizia karibu 9. Weka taa yetu ya rezista hapo: kwenye 12.6 inapata miliampea 300 kwa mstari, kwenye 11.1 inapata 150, na kwenye 10.2 imebaki 60 huku betri ikiwa bado na akiba. Hapa mabishano yanakwisha. Kwa seli hizi, lazima draiva, na chipu mbili kwa mstari ili draiva iwe na nafasi ya kupumua hadi mwisho. Tena seli kuukuu zisizo na saketi ya ulinzi, ndani ya boti la mbao lenye madumu ya mafuta ya injini, ni hatari ambayo hakuna samaki wanaoifidia. Moto wa lithiamu katikati ya ziwa hauna pa kukimbilia.

Familia ya pili ni lithiamu ya fosfati ya chuma. Seli zake nne hutoa volti 12.8, na sifa yake kubwa ni kutulia: sehemu ndefu ya usiku inabaki kati ya 13.2 na 12.8. Rezista ya omu 12 inaipa taa yetu kati ya miliampea 300 na 270, karibu sawa na draiva, bila draiva. Inaweza kutumiwa hadi asilimia 80 bila kuumia, kwa hiyo taa moja inahitaji ampea-saa 15 tu, kilo mbili na ushee, ambapo betri ya risasi ya kazi ileile ina uzito wa mara kadhaa. Inahimili mizunguko zaidi ya 2,000. Bei ya kuanzia ndiyo ukuta. Inauma kuliandika hili ndani ya mkoa wenye Manono, ambako ardhi imebeba mojawapo ya akiba kubwa za lithiamu duniani: seli zinatufikia zikiwa zimevuka bahari na nchi nzima, na mvuvi wa Tanganyika anazilipia safari yote hiyo.

Kisha zipo siku ambazo taa haziwaki. Wiki ya mbalamwezi, betri inakaa. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa ziwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na mjadala wa mapumziko ya namna hiyo unazihusu nchi zote nne za ziwa hili. Betri ya risasi ikiachwa tupu kwa miezi mitatu, salfeti ya risasi inaganda kwenye bati zake na hairudi tena. Inapaswa kujazwa kabisa kabla ya kuwekwa na kuongezewa kila mwezi. Ya lithiamu ni kinyume: inahifadhiwa ikiwa karibu nusu, mahali pasipo na joto. Wanaozitunza kwa desturi moja wanaua mojawapo.

Pano ya jua inafuata hesabu ileile. Taa moja inakula karibu wati-saa 150 kwa usiku; ukiongeza hasara za kuchaji, 200. Kwa wastani wa saa 5 za jua kamili kwa siku, inahitajika pano ya wati 40 za kweli, tuseme 60 kwa kuzingatia mawingu ya masika. Taa sita ni mara sita, pano na betri vyote viwili. Wanaotegemea umeme wa shirika la SNEL kutoka kituo cha Bendera, au vibanda vya kuchajia, hawana hesabu ya pano, lakini wana hesabu ya foleni na ya siku ambazo moto umekatika.

Waya, mwizi asiyetajwa

Sehemu hii ni fupi, ila imeharibu taa nyingi. Boti lenye taa sita linavuta ampea 7.2. Waya mmoja wa milimita za mraba 0.75, urefu wa mita 10, kwenda na kurudi mita 20, una ukinzani wa karibu nusu omu. Kwa mkondo huo kamili, volti 3.4 zingepotelea njiani. Betri ina 12.6, lakini taa hazipati mkondo wake kamili, zinafifia, na fundi anabadilisha rezista ambayo haikuwa na kosa. Waya wa milimita 2.5 unapoteza volti 1. Kila taa ikiwa na waya wake wa mita 5, hata ule mwembamba, hasara ni chini ya volti 0.3. Waya za alumini zilizopakwa shaba, zinazouzwa kama shaba tupu, ni mbaya zaidi. Ukwangue waya kwa kisu kabla ya kulipa. Na fyuzi ikae kwenye ncha chanya, karibu kabisa na betri, maana waya uliochunika juu ya ubao wenye maji hautoi taarifa.

Mwanga kiasi gani?

Mabishano ya vipande yanaficha swali ambalo wengi hawataki kuliuliza: taa iwe kali kiasi gani? Maji ya Tanganyika ni maangavu, mara nyingi mtu huona kitu hadi mita 10 na zaidi. Katika maji kama hayo, rangi nyekundu na ya manjano humezwa mapema, buluu na kijani hushuka mbali. Mwanga wa karabai ulielemea manjano. LED nyeupe ya baridi, ile inayokaribia buluu, inapeleka chini sehemu kubwa zaidi ya nguvu yake. Kwa hiyo kulinganisha karabai na LED kwa mwangaza unaoonekana juu ya maji ni kujipunja. LED isiyong'aa sana machoni inaweza kuwa inafanya kazi zaidi huko ndagala waliko.

Wavuvi hawalinganishi na karabai, wanalinganisha na jirani. Boti la pembeni likiongeza taa, samaki wanaelekea huko, nawe unaongeza. Mwisho wa mbio hizo kila boti lina betri mara mbili na pano mara mbili, na ziwa lina ndagala walewale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionesha kwamba joto la maji limepunguza kuchanganyika kwa tabaka za ziwa hili, na pamoja nalo chakula kinacholisha samaki. Taa kali zaidi haziongezi chakula hicho. Hili ni jambo la kukubaliana ufukwe kwa ufukwe, kwa sababu mvuvi mmoja akipunguza peke yake, anapoteza yeye tu.

Mizani

Mwenye mtumbwi na taa moja au mbili, betri ya risasi ya kutosha, anayechaji nyumbani: chipu tatu kwa mstari, rezista moja kwa kila mstari. Draiva haimwongezei kitu kinachostahili matatizo yake. Hela atakayookoa aiweke kwenye betri kubwa zaidi.

Mwenye lithiamu ya fosfati: rezista vilevile, ya omu 12. Mwenye seli za 18650: draiva, chipu mbili kwa mstari, saketi ya ulinzi, na kisanduku cha chuma mbali na mafuta; kama hawezi kuvipata vyote, asianze. Mwenye katamarani yenye taa nyingi na injini inayochaji: draiva inayoshika mkondo kwa kweli, iliyozamishwa kwenye epoksi, na ya akiba iliyobaki nchi kavu. Kwake asilimia 10 ni ampea-saa 7 kila usiku, yaani 14 za betri ya risasi asizohitaji kununua wala kubeba.

Wote wanahitaji bati la alumini lenye upana wa kutosha nyuma ya chipu, kwa sababu sehemu kubwa ya wati zinazoingia kwenye LED hutoka kama joto. Kama mkono hauwezi kulishika bati hilo kwa sekunde tano baada ya nusu saa ya kuwaka, ni dogo mno, na hakuna rezista wala draiva itakayoiokoa taa hiyo.

Kwa fundi kuna kazi moja ya dakika kumi ambayo ingemaliza mabishano mengi kuliko maneno. Kabla ya kukabidhi taa, aipime mkondo wake mara tatu: kwenye volti 14.4, kwenye 12.5 na kwenye 11.5. Namba hizo tatu aziandike juu ya kisanduku kwa wino usiofutika, pamoja na ukubwa wa betri aliyoikusudia. Mvuvi atakayeikuta taa imefifia saa nane za usiku atakuwa na kitu cha kusoma kwa tochi ya simu, na fundi wa Moba au wa Kigoma atakayeifungua mwaka ujao hatahitaji kubahatisha mwenzake alikuwa na nia gani.